Makala Yanayolia Kama Chuma

Tangu nirudi kutoka Japani, swali ninaloulizwa zaidi na wamama wa chama halihusu magari wala nyumba ndefu. Ni hili: kule wanapikia nini? Jibu fupi ni gesi na umeme. Katika nyumba za Tokyo mtu anazungusha kifundo, moto unawaka, na wali unaiva ndani ya chombo cha umeme bila mtu kuusimamia. Lakini jibu fupi halitoshi. Katika mji uleule, jioni, nilikuta wanaume waliotoka kazini na wanawake wenye mikoba ya ofisi wamepanga mstari kungojea vijiti vidogo vya nyama iliyochomwa kwa makala. Ndiyo, wamama, makala. Kitu tunachokinunua kwa ndoo kila asubuhi hapa Lubumbashi, huku tukilalamikia bei, kule ni starehe ya mtu aliyekwisha kupokea mshahara.

Nilikaa huko majuma sita, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kwa mafunzo ya kilimo pamoja na wanawake wa nchi zingine. Kila siku ya mapumziko nilifuata habari za makala. Wenzangu walienda kuona mahekalu na maduka ya nguo. Mimi ninapika kwa makala tangu nikiwa mtoto wa miaka saba, nimewauzia majirani makala, nimekohoa kwa sababu ya makala. Nilitaka kujua watu wenye mali vile wanaona nini ndani yake.

Mahali pa kwanza ni Yurakucho, katikati ya Tokyo. Reli pale inapita juu ya matao ya matofali, na chini ya matao hayo kuna vibanda vya kula vilivyobanana kama vibanda vya soko. Wateja wengine wanakalia kreti za bia zilizogeuzwa. Treni ikipita juu, glasi zinatetemeka mezani na hakuna anayeinua kichwa. Wanachouza hasa ni yakitori, maana yake kuku wa kuchoma. Msifikirie paja zima kama kwenye michopo yetu. Nyama inakatwa vipande vidogo ambavyo mtu anamaliza kimoja kwa mara moja, inatungwa kwenye kijiti cha mwanzi, na kila sehemu ya kuku ina kijiti chake na jina lake: ngozi peke yake, firigisi peke yake, moyo, maini, hata kile kipande chenye mafuta cha mkiani ambacho kwetu watoto wanakigombania. Hakuna kinachotupwa. Hapo nilijisikia nyumbani.

Jiko lao la kuchomea halifanani na letu. Linaitwa konro. Ni kama sanduku refu jembamba, la udongo wenye kuta nene au la chuma lililopakwa udongo ndani. Wembamba wake una maana: nyama inakaa juu ya moto, lakini ncha za kijiti zinalala nje ya moto, juu ya ukingo. Hivyo kijiti hakiungui na mchomaji anakigeuza kwa vidole. Hakuna wavu katikati. Mafuta yanadondoka juu ya makala moja kwa moja, yanafuka kidogo, na moshi ule mdogo wa mafuta ndio unaoipa nyama harufu yake. Mkono mmoja unageuza, mwingine unashika upepeo wa mwanzi na karatasi unaoitwa uchiwa. Mchomaji anapepea mara mbili, tatu, anaacha. Anasogeza kaa moja upande huu, kaa lingine upande ule. Kwenye ukingo mmoja moto ni mkali, kwenye mwingine ni wa kulea tu. Sikumwona akirusha maji juu ya moto hata mara moja.

Kuhusu viungo, mteja anachagua kati ya chumvi tupu na mchuzi mweusi mtamu wa soya unaoitwa tare. Ni hayo tu. Mimi niliyezoea pilipili, kitunguu na limau nilidhani nitaona chakula baridi, na kusema kweli kijiti cha kwanza cha chumvi kilinishangaza: ngozi imekauka inavunjika, ndani maji ya nyama yamebaki. Nilieleweshwa hivi. Gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji pamoja na moto, kwa hiyo ngozi ya nyama inachelewa kukauka. Makala mazuri karibu hayatoi mvuke, yanatoa joto kavu linalopiga nyama kama jua la mwezi wa kumi linavyopiga uso. Wapishi wao wana kanuni: moto mkali, kwa mbali. Na wale wanaochoma unagi, samaki mrefu kama nyoka, wana msemo kwamba kutunga kijitini kunajifunzwa miaka mitatu, kupasua samaki miaka minane, na kuchoma maisha yote. Mama yeyote aliyemfundisha binti kusonga bukari anaelewa kwamba hawatanii.

Neno moja pembeni. Wazungu wengi wanaita jiko lolote la kuchomea la Kijapani hibachi. Kumbe Japani hibachi ni chungu cha majivu chenye makala machache katikati, cha kupashia mikono moto wakati wa baridi na kuwekea birika la chai. Watu walikaa kukizunguka, hawakuchomea kuku.

Siku ya mapumziko iliyofuata nilienda mtaa wa Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa. Ni mtaa mzima wa vyombo vya jikoni, duka baada ya duka: visu, sufuria, mabakuli, hata vyakula vya plastiki vya kuonyesha kwenye vioo vya migahawa. Nilitafuta vyombo vya makala tu, na nilivipata vyote kwa duka moja lenye mama mzee aliyenivumilia kwa saa nzima, kijana mmoja akitufasiria. Kulikuwa na nyavu za waya, vijiti vya mwanzi vya kila urefu, pepeo za uchiwa, na vijiti viwili vya chuma vya kushikia kaa la moto, kama vile vyao vya kulia lakini virefu. Kulikuwa na sufuria ndogo yenye matundu chini: unaweka makala ndani, unaitega juu ya moto wa gesi dakika kadhaa, yanawaka bila karatasi na bila mafuta ya taa. Na kulikuwa na chungu kizito chenye mfuniko, ambacho nitakirudia, kwa sababu ndicho ninachowaandikia habari hii.

Lakini kwanza shichirin. Hii ndiyo mbabula ya Japani, mbabula ya nyumbani. Ni ya udongo, duara au ya pembe nne, na unaibeba mikononi. Chini ina mlango mdogo wa kuteleza: ukifungua, hewa inaingia na moto unakuwa mkali, ukifunga, moto unalala. Katikati kuna sahani ya udongo yenye matundu ya kushikilia makala. Juu unaweka wavu au sufuria. Jina lenyewe linasimuliwa kuwa na hesabu ya mama wa nyumbani ndani yake. Shichi ni saba, na rin ilikuwa sehemu ya elfu moja ya yeni. Wanasema makala ya rin saba yalitosha kupika chakula. Mbabula iliyopewa jina la bei ya makala! Nilicheka mpaka mama mwenye duka akacheka pia.

Kinachoifanya ile hesabu iwezekane ni udongo. Mama mwenye duka alinipa shichirin moja niinue. Kwa unene wa kuta zake nilijiandaa kwa uzito wa tofali, nikakuta ni nyepesi kama kibuyu kikavu. Udongo huo unaitwa keisodo. Ni mabaki ya mimea midogo sana ya baharini, isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kujilundika chini ya maji miaka mamilioni iliyopita. Kila punje ina vijitundu visivyohesabika, na ndani ya vijitundu kuna hewa. Hewa iliyofungwa haipitishi joto kwa urahisi. Kwa hiyo moto unabaki ndani, unapanda juu kwenye chakula, na ukuta wa nje haukuunguzi kama bati la mbabula yetu.

Fikirieni mbabula tunayonunua kwa mafundi wa bati. Ni ya chuma chembamba, yenye matundu pande zote. Inawaka haraka, ndiyo, lakini inapasha moto miguu yako, ukuta wa jikoni na mtoto anayepita, na sufuria inapata kilichobaki. Wakenya walilijua tatizo hilo na tangu miaka ya 1980 wanatengeneza jiko la bati lililowekwa udongo wa kuchomwa ndani. Mbabula bora zinazouzwa kwetu zimefuata wazo hilohilo. Mama aliyeambiwa kwamba ni mtindo wa miradi tu ajue kwamba Wajapani walikuwa wakilinda moto kwa udongo muda mrefu kabla ya mradi wowote.

Shichirin zinazosifiwa kuliko zote zinatoka Suzu, mji ulio kwenye ncha ya rasi ya Noto, upande wa kaskazini unaotazama bahari. Huko wanaingia chini ya ardhi kwa mashimo kama wachimbaji wetu, lakini hawachimbi shaba. Wanakata udongo wa keisodo kwa vipande vizima, kama mtu anavyokata sabuni ya mche, kisha wanauchonga kwa mkono kuwa jiko na kuuchoma tanuruni. Zipo shichirin za bei ndogo zinazofinyangwa kwa udongo uliosagwa na kukandamizwa. Za Suzu zinachongwa kutoka udongo mzima, na ndiyo sababu zinadumu. Tarehe 1 Januari 2024, siku ya mwaka mpya, familia zikiwa zimekusanyika, tetemeko la ardhi la nguvu ya 7.6 lilipiga Noto. Suzu iliumia vibaya sana: nyumba zilianguka, watu walikufa, barabara zilikatika. Mama wa Kappabashi alipoitaja Suzu aliweka mkono juu ya jiko lile, hakusema kitu kwa muda. Sikuhitaji mfasiri.

Shichirin ina adui mmoja, naye ni maji. Udongo wenye vijitundu unakunywa maji, na ukilowa kisha ukapata moto unapasuka. Haioshwi, haizimwi kwa maji, haiachwi nje mvua ikinyesha.

Kazi yake ya kifahari ni kuchoma sanma, samaki wa baharini mwembamba mwenye mafuta, anayefika kwa wingi wakati majani yanapoanza kuanguka. Kwa maandishi yao jina lake linaandikwa kwa alama tatu: majira hayo, upanga, samaki. Zamani mama alitoa shichirin nje, kwenye kichochoro mbele ya nyumba, kwa sababu sanma anafuka moshi mwingi, na mtaa mzima ulijua nani anakula nini. Wana kisa cha kuchekesha wanachokisimulia jukwaani kuhusu samaki huyu. Bwana mkubwa mmoja alitoka kutembea mpaka Meguro, kijiji kisicho na bahari, akashikwa na njaa, akalishwa sanma aliyechomwa na mtu wa kawaida, mweusi kwa nje na mafuta yakichuruzika. Hakuwahi kula kitu kitamu vile. Kurudi kwake akaagiza sanma. Wapishi wake wakaogopa mafuta yasimdhuru, wakamchemsha samaki kwa mvuke mpaka mafuta yakatoka, wakang'oa miiba yote, wakamletea kitu kisicho na ladha. Alipouliza samaki huyu ametoka wapi, wakamjibu kwamba ametoka baharini. Akasema: ndiyo sababu, sanma mzuri ni wa Meguro! Siku hizi Meguro ni sehemu ya Tokyo, na wanafanya sikukuu ya kuchoma sanma na kugawia watu bure. Nilifikiria tomsoni wetu, samaki wa kongele anayedharauliwa, vile anavyobadilika akipata makala mazuri na mama asiye na haraka.

Kwa makala yenyewe ilibidi nisafiri. Kutoka Osaka treni inashuka kusini kando ya bahari zaidi ya saa mbili, mpaka mkoa wa Wakayama, nchi iliyoitwa zamani Kishu. Upande mmoja ni bahari, upande mwingine milima iliyofunikwa na miti mpaka juu, na kwenye miteremko ya chini machungwa madogo yaliyokuwa yakianza kuiva. Nilishuka Tanabe. Mji huo na jirani yake Minabe ndio nyumbani kwa binchotan, makala ambayo wapishi wa Japani wanayaita mfalme.

Nilionyeshwa vipande viwili. Jamaa aliyetupokea alivigonganisha, na vikalia: ting! Sauti safi, kama vijiko viwili vya chuma. Alivunja kimoja kwa nyundo, na ndani kiling'aa kama kioo cheusi. Vidole havikuchafuka. Nilijaribu kukivunja kwa mkono kama tunavyovunja makala yetu, nikashindwa.

Jina linasemwa kuwa limetoka kwa mfanyabiashara wa Tanabe, Bitchuya Chozaemon, aliyeyauza makala haya mwishoni mwa karne ya 17. Chukueni mwanzo wa jina la duka lake na mwanzo wa jina lake mwenyewe, mnapata bincho. Mti ni ubamegashi, aina ya mwaloni wa milima ya pwani, mfupi, uliopindapinda, mgumu na mzito. Kwa sababu umepinda, wachomaji wanaukata mikato ubavuni na kupigilia vipande vya mti kwenye mikato hiyo mpaka unyooke. Ni kazi ya subira. Kisha miti inasimamishwa ndani ya tanuru la mawe na udongo, imebanana, na mlango unazibwa kubaki tundu dogo.

Mpaka hapo si tofauti sana na tanuru la wachomaji wetu wa msituni. Tofauti iko mwishoni. Kwetu, na katika makala meusi ya kawaida ya Japani, miti ikishaiva tanuru linazibwa kabisa na makala yanapoa ndani. Kwa binchotan, baada ya siku nyingi za moto mdogo, mchomaji ananusa moshi. Mwanzoni ni mweupe na mzito, halafu unakuwa wa buluu, mwisho karibu hauonekani. Hapo anafungua mlango kidogo kidogo na kuingiza hewa. Joto linapanda kupita digri 1000, na takataka zote zilizobaki ndani ya mti zinaungua. Makala yanawaka rangi ya machungwa, kisha karibu nyeupe. Ndipo anayavuta nje kwa chuma kirefu chenye ndoano, yakiwaka, na kuyafunika kwa majivu na udongo wenye unyevu. Vumbi la majivu linabaki juu ya ngozi yake, na ndiyo maana yanaitwa makala meupe.

Tulisimama mbali na mlango wa tanuru, na uso ulikuwa ukiungua. Zamani kazi hii ilifanywa na mume na mke pamoja, juu mlimani, na wanawake wengi wa Japani walishusha makala kwa miguu, yamefungwa kwa majani ya mpunga, migongoni mwao. Nilionyeshwa picha. Mwanamke ameinama, kamba imekaza kifuani, mzigo umepita kichwa chake. Ungebadilisha nguo tu, ungesema ni barabara ya Kasenga.

Binchotan ni magumu kuwasha. Yakiwashwa kwa haraka au yakiwa na unyevu yanapasuka na kurusha vipande, kwa hiyo yanapashwa polepole. Lakini yakishashika yanakaa saa tatu, nne, hata tano, bila moshi na bila ndimi za moto, na ukiyapepea yanaongeza nguvu. Makala meusi yanawaka upesi na yanakwisha upesi. Kila moja lina kazi yake, kama kwetu tunavyojua kwamba makala ya mti laini ni ya chai na makala ya mti mgumu ni ya maharage. Kuhusu bei ya binchotan nitasema tu kwamba hakuna mama atakayeyapikia maharage.

Jambo lililonishika zaidi Wakayama, hata hivyo, si tanuru. Ni mlima nyuma ya tanuru. Nilitegemea kuona upara, maana ninajua njia ya kutoka Lubumbashi: kila mwaka magari ya makala yanaenda mbali zaidi kuliko mwaka uliopita. Nikakuta mlima uliojaa miti, na wale watu wameukata kwa zaidi ya miaka 300. Waliniambia siri, na si siri. Mti wa ubamegashi ukikatwa, kisiki chake kinatoa chipukizi nyingi. Mchomaji mzuri hakati shina zote za kisiki kimoja. Anachukua yaliyonenepa, anaacha membamba yaendelee. Baada ya miaka 15 mpaka 20 anarudi palepale. Kwa hiyo mtu anahitaji kujua kwamba miaka 15 baadaye mlima ule bado utakuwa wa kwake, au wa mwanawe. Hapo ndipo penye mzizi, nadhani. Mchomaji wetu wa msituni hana hakika hiyo hata kwa mwaka mmoja, basi anakata yote kabla mwingine hajayakata.

Msitu ule unafanya kazi nyingine pia. Wakulima wa Minabe na Tanabe wanapanda ume, tunda chachu dogo wanalolitia chumvi na kulila na wali. Miti ya ume iko chini kwenye miteremko. Juu yake, kwenye migongo ya milima, wameacha msitu wa makala, unaoshika maji na kuzuia udongo usiporomoke. Ndani ya msitu wanaishi nyuki, na mwezi wa pili maua ya ume yakifunguka nyuki wanashuka kuyazalisha. Mwaka 2015 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huo wote, ume, msitu na nyuki, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote ni mazuri. Katika miaka ya 1950 Japani nzima ilichoma karibu tani milioni 2 za makala kwa mwaka, kisha gesi na mafuta vikaingia majikoni, na wachomaji wakashuka mlimani kutafuta kazi mjini. Misitu mingi iliyozoea kukatwa ikaachwa na kuzeeka. Wachomaji waliobaki wengi wana mvi, na vijana wanaokuja kujifunza ni wachache.

Kwa hiyo msije mkasikia kwamba ninasifu makala kuliko gesi. Mwanamke wa Japani aliacha kupepea shichirin kila asubuhi mara tu alipoweza, na alifanya vizuri. Makala yalibaki kwa siku ya furaha. Sisi tungali tunayatumia kwa lazima, umeme ukiwa umekatika na gesi ikiwa mbali na mfuko wetu, na aliye katika lazima ndiye anayehitaji zaidi ujuzi wa kutopoteza.

Nina la kuonya kabla sijafika kwenye chungu. Watu wanaona makala yasiyo na moshi wanadhani yana usalama. Hapana. Makala yote, meupe na meusi, ya Kishu na ya Kasumbalesa, yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayolaza mtu asiamke. Moshi angalau unakukohoza ukatoka nje. Hii haikuamshi. Japani kwenyewe watu wamekufa kwa kuwasha makala ndani ya vyumba vilivyofungwa, na vibanda vya yakitori vina mabomba makubwa ya kuvuta hewa juu ya kila jiko. Mbabula isilale ndani ya nyumba wakati wa baridi ya mwezi wa sita, hata ikionekana imebaki majivu tu. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, toeni watoto nje kwanza, maswali baadaye.

Sasa chungu. Kinaitwa hikeshitsubo, chungu cha kuzimia moto. Chakula kikiiva, Mjapani hamwachi makala yajiunguze bure, wala hayamwagii maji. Anachukua kila kaa kwa vijiti vya chuma, anatia ndani ya chungu, anafunika kabisa. Moto bila hewa unakufa. Kesho yake makala yaliyozimwa ni makavu, mepesi, na yanawaka kwa urahisi kuliko mapya, kwa hiyo yanawekwa chini kuwashia mengine. Basi. Hakuna fundi, hakuna mradi, hakuna mashine.

Nilipofika nyumbani nilichukua nyungu ya zamani ya aluminiamu iliyotoboka mpini, nikaitafutia mfuniko mzito unaoketi vizuri, na juu ya mfuniko ninaweka jiwe. Tangu hapo, jioni bukari ikishatoka motoni, ninayakusanya makala kwa koleo. Inakaa nje, nyuma ya jikoni, juu ya matofali, mbali na watoto, maana kwa muda mrefu bado ni ya moto na bado inatoa ile hewa mbaya. Asubuhi ninapata ya kutosha kuchemsha chai na uji kabla sijagusa makala mapya. Makala yenye vumbi vumbi hayazimiki vizuri, yanageuka majivu. Ya mti mgumu yanabaki mazima. Mfuniko ukivuja hewa, utakuta nyungu imejaa majivu meupe, na hapo tatizo ni mfuniko, si makala.

Kuhusu visiki, wazee wa vijijini wanajua kwamba miti mingi ya msitu wetu wa miombo nayo inachipuka ikikatwa, mradi kisiki kisichimbuliwe na moto wa kiangazi usipite juu ya chipukizi. Wamama wa vikundi vya mashamba wanaomiliki kipande cha msitu waje tuzungumze, kwa sababu nilileta picha za namna wanavyochagua shina la kukata na la kuacha. Nitakuwa kwenye mkutano wa Jumamosi. Mwenye nyungu ya zamani aje nayo pamoja na mfuniko, tuzijaribu zote kwa moto wa kweli.